Mizunguko Mia Moja na Minane

Ilikuwa sauti fupi, kama ya mtu aliyekanyaga maji ya baridi bila kutazamia, na kabla haijafika mwisho ikazibwa kwa kiganja. Ilitoka bafuni. Sindhuja alikuwa jikoni akikata bamia, na kisu kikasimama hewani. Mpaka leo anasema akiikumbuka Irving, mji wa ugenini tulikokuwa tukiishi, hasikii magari ya barabara kuu wala kiyoyozi kilichokuwa kikitetemeka dirishani mwetu. Anasikia furaha ya mtu mwingine ikifungiwa mlango ili isimguse.

Alijua papo hapo. Lasya amechaguliwa.

Tulikuwa wanawake watatu katika nyumba ile ya ghorofa ya pili, sote Watelugu, sote wa Hyderabad. Mimi, Revathi, nilikuwa mkubwa wao, na jina langu ndilo lililokuwa kwenye mkataba wa nyumba. Sindhuja alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mwepesi wa mkono na wa ulimi, mtoto pekee wa mwalimu mjane wa hesabu. Lasya alikuwa mdogo wetu, mwenye macho makubwa na tabia ya kuomba radhi hata kwa mlango akiugonga kwa bega.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ya pili ya mwaka mpya wetu, na bakuli la mchanganyiko wa sikukuu lilikuwa bado kwenye friji: maua ya mwarobaini, ukwaju, sukari guru, embe bichi, pilipili na chumvi. Kila mtu huonja kijiko kimoja, na ladha inayotangulia ulimini, husema watu kwa mzaha, ndiyo ladha ya mwaka wake. Jana yake Lasya alikuwa amesema, "Tamu!" Sindhuja alikuwa amekunja uso na kusema kwamba mwarobaini wa duka la hapa hauna hata uchungu wa kueleweka.

Mlango wa bafu ukafunguka. Lasya alikuwa amenawa uso mpaka nywele za mbele zikamganda kwenye paji.

"Dada," alisema.

"Nimekusikia."

"Ni ujumbe wa wakili. Sikutaka kupiga kelele."

"Ungepiga tu. Ulidhani ukijiziba mdomo ndiyo mimi nitakuwa kiziwi?"

"Wewe umeangalia?"

"Tangu saa mbili asubuhi. Mimi nimepokelewa." Akarudi kwenye bamia zake. "Kama kifurushi."

Lasya alicheka kidogo kwa sababu hakujua afanye nini, kisha akajuta kucheka. Akamkumbatia kwa nyuma, kisu kikiwa bado mkononi mwa mwenzake.

"Hongera," alisema Sindhuja, akikiambia kibao cha kukatia.

Kwa wanaokuja kusoma huku mambo ni hivi. Ukimaliza shahada unaruhusiwa kufanya kazi kwa muda, miaka mitatu ikiwa umesomea mambo ya kompyuta au takwimu. Katika muda huo mwajiri wako hulitia jina lako kwenye bahati nasibu ya viza ya kazi, mara moja kila Machi. Jina likitoka, wakili anaandika maombi, na serikali ikiyakubali unabaki. Lisipotoka Machi zote tatu, unafungasha. Wala hakuna anayekuambia hapana. Aliyechaguliwa huona neno "Umechaguliwa". Ambaye hakuchaguliwa hubaki na neno lilelile aliloliona siku ya kwanza, "Jina limepokelewa", na neno hilo hukaa pale likimtazama, siku baada ya siku, mpaka mwenyewe aelewe.

Kwa Sindhuja hiyo ilikuwa Machi ya tatu. Ruhusa yake ilikuwa inaisha katikati ya Juni. Kwa Lasya ilikuwa ya kwanza.

Na Lasya, nani alimleta? Miaka miwili nyuma Sindhuja ndiye aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege, akamkuta amesimama na masanduku mawili na presha kuka, sufuria ya kupikia kwa mvuke, iliyofungwa ndani ya sari ya mama yake. Akampa godoro lake la akiba. Akamfundisha kupika dengu bila kuamsha king'ora cha moshi, akamfundisha kutoka kwenye mkutano bila kuwaaga watu wote mmojammoja. Lasya alipomaliza masomo, Sindhuja alimwandikia upya wasifu wake wa kazi, akaupeleka mwenyewe mezani kwa bosi wake, Curtis. Kampuni yao ilikuwa inatengeneza programu ya kupanga njia za malori ya vyakula baridi. Lasya akapewa meza iliyokuwa ikitazamana na ya Sindhuja, akapewa wakili yuleyule, akatiwa kwenye bahati nasibu ileile.

"Nimeleta jirani wa kuninywea maji kisimani," aliniambia Sindhuja jioni ile, Lasya akiwa nje anampigia mama yake simu. Kisha akasema, "Usinitazame hivyo, dada Revathi. Natania."

Hakuwa anatania.

Wivu wake ulianzia kwenye friji. Kwanza aliandika jina lake juu ya kopo la mtindi, yeye ambaye kwa miaka miwili alikuwa akila kutoka bakuli moja na Lasya. Baadaye kikombe: aliosha chake, cha Lasya akakiacha kwenye sinki, peke yake, kama mtu aliyenyimwa kiti. Asubuhi waliendelea kwenda kazini kwa gari lake Sindhuja, lakini alianza kuondoka dakika tano mapema, na Lasya akawa anashuka ngazi mbio, kiatu kimoja mkononi, akiomba radhi njia nzima.

Kazini alimsahihisha mbele za watu. Nyumbani aliacha kumsahihisha kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nje nako habari zilikuwa hazimsaidii. Ndani ya wiki moja mama yake Lasya alipigiwa simu na familia tatu zenye vijana wa kuoa. Na mwaka uliopita, familia moja ya New Jersey ilikuwa na mazungumzo mazuri na mama yake Sindhuja. Machi hii ilipopita, wakatuma ujumbe kwamba nyota za watoto zimepimwa tena na hazilingani. Nyota hizohizo zilikuwa zimelingana tangu Oktoba.

"Hata nyota zimeajiriwa uhamiaji," alisema Sindhuja.

Siku moja nilimkuta amesimama koridoni, kapu la nguo kiunoni, akisikiliza. Chumbani Lasya alikuwa anaimba, wimbo wa kitoto wa kwetu, kwa sauti isiyojali.

"Unamsikia?" aliniuliza. "Anaimba kama mtu mwenye kwake."

Katikati ya Aprili, Jumapili asubuhi, tulikuwa mezani. Mimi nilikuwa nakunja mashuka. Lasya alikuja na simu kiganjani.

"Dada Sindhuja, mama anauliza. Sasa aende akashukuru?"

Kwetu hilo halikuhitaji maelezo. Nje ya Hyderabad kuna hekalu ambalo vijana wanaotaka kusafiri huenda kuomba, wenyewe au wazazi wao. Anayeomba huzunguka hekalu mara kumi na moja, miguu mitupu. Akipata alichoomba hurudi kushukuru, na shukrani ni mizunguko mia moja na minane. Hupewa kadi yenye visanduku, na kila mzunguko huweka alama, maana baada ya arobaini kichwa huanza kudanganya. Hapo ndipo mama zao walipojuana, mwaka ule Lasya alipoombewa viza ya masomo, wakizunguka na kalamu mkononi. Na desturi ni moja: hakuna kushukuru mpaka kitu chenyewe kikae mkononi.

"Anauliza kama ndiyo tayari," alisema Lasya. "Mimi sijui hizi hatua zao. Kuchaguliwa ndiyo kupata, au bado kuna kingine?"

Sindhuja alikuwa anajua hatua zile kama njia ya kwenda chooni. Alijua kuchaguliwa ni kupewa foleni tu. Alijua maombi yenyewe yalikuwa bado hayajafika kwa maofisa, na kwamba wapo waliochaguliwa wakakataliwa. Alipaka mkate wake achari ya majani machachu, taratibu, mpaka kwenye pembe.

"Ndiyo tayari," alisema. "Yaliyobaki ni makaratasi. Mwambie aende."

Nilinyanyua macho kutoka kwenye shuka. Yeye aliuma mkate. Nilidhani anampa mwenzake moyo, nikanyamaza, na kosa la kunyamaza kule ni langu.

Baadaye sana aliniambia alichokuwa anakitaka. Hakutaka Lasya akataliwe, alisema, hakufika huko. Alitaka kitu kimoja tu katika bahati yote ile kiwe na kasoro. Alitaka shukrani yao iende mapema, ifike mahali ambapo hakuna mtu wa kuipokea.

Jumamosi iliyofuata mama yake alimpigia simu ya video. Kwetu Irving ilikuwa saa tatu asubuhi, kwao jioni. Mama Annapurna alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sari imekunjwa magotini, miguu ndani ya beseni.

"Mama, beseni la nini?"

"Nimetoka kutembea, dhahabu yangu."

"Kutembea wapi?"

"Hekaluni. Mama Lasya magoti yake unayajua, ngazi tatu za mlangoni kwake anapanda kama anakwea mlima. Akaniomba nimzungukie. Nikasema, Lasya si wetu? Nimemaliza yote." Akainua kadi mbele ya kamera, karibu mno, tukaona tu msitu wa alama za kalamu ya bluu. "Mia moja na minane. Mwalimu hesabu haimpotei."

Sindhuja aliganda akiitazama kadi. Nilidhani simu imekwama.

"Mama," alisema hatimaye. "Mimi ulinizungukia mara kumi na moja."

"Kumi na moja kila Machi. Thelathini na tatu."

"Na yeye mia."

"Na minane," alisema mama yake.

"Unachekelea? Mama, jua la Aprili lile, mawe yale! Ulikwenda saa ngapi?"

"Nilitoka mapema, basi ndilo lililochelewa. Nikaanza saa nne na nusu. Wanamwagia maji njia, lakini wale vijana wa maji walikuwa wanaangalia kriketi kwenye simu." Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akautazama kama anayesahihisha daftari. Unyayo ulikuwa umejaa malengelenge, mengine yamepasuka. "Usinihurumie. Nilimpita kijana mmoja wa kidato cha sita mara mbili."

"Kwa ajili ya mtoto wa mtu!"

"Sauti yako, Sindhu."

"Mtoto wa mtu, mama! Mimi ndiye ninayerudi. Mimi! Miguu yako ingezunguka kwa ajili yangu."

Lasya alikuwa ametoka chumbani. Alisimama mlangoni, mkono kinywani, kama siku ile ya bafuni, ila safari hii hakukuwa na furaha ya kuzibwa. Sindhuja alimwona. Akaukata uso wa mama yake kwa kidole kimoja, akachukua funguo za gari, akatoka. Alikaa ndani ya gari palepale kwenye maegesho, injini haikuwashwa, mpaka jua likamtoa.

Nilimpelekea maji. Alishusha kioo kidogo, upana wa glasi.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Mama yangu. Mimi ndiye niliyemweka juu ya mawe yale."

Mei ikaja na barua. Maofisa walikuwa wamesoma maombi ya Lasya na hawakuridhika. Waliandika kwamba kazi yake inaonekana ni ya kujaribu programu tu, kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifundishwa, na viza hii ni ya kazi zinazodai shahada maalumu. Kampuni ilete ushahidi. Isipoleta, au ushahidi ukiwa hautoshi, maombi yatakataliwa.

Lasya aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa, kana kwamba maneno yangebadilika kwa kubadili mkao. Siku ile hakula. Hyderabad nako moto uliwaka, maana habari za aina hii hufika kabla ya mwenyewe kufunga simu. Mama yake alikuwa analia kwa sauti tuliyoisikia sote kupitia ukuta mwembamba.

"Tumeshukuru mapema! Tumemkosea Mungu! Nani alikuambia tushukuru kabla ya karatasi kuja?"

Sindhuja alikuwa koridoni. Alisimama, mgongo ukutani.

"Hakuna mtu, mama," alisema Lasya. "Nilijidanganya mwenyewe. Nilikuwa na haraka."

Sindhuja alikuja jikoni, akakaa mbele yangu, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Hata wema anao yeye," alisema. "Hata huo hakuniachia."

Siku tatu baadaye Curtis alimwita ofisini. Curtis alikuwa mtu wa Fort Worth, mnene, mpole, anayeogopa wakili kuliko daktari wa meno. Wakili alitaka barua ya kueleza kazi ya Lasya hatua kwa hatua, na kwa nini inahitaji mtu aliyesomea takwimu. Curtis angeitia sahihi. Ila kuiandika, alisema, yeye hawezi.

"Wewe ndiye uliyemfundisha," alimwambia Sindhuja. "Hakuna anayeijua kazi yake kama wewe. Najua ni wiki zako za mwisho, na najua si haki kukuomba hivi. Utaniandikia?"

"Nitaandika," alisema.

Aliandika Jumapili mchana, pale mezani kwetu. Lasya alikuwa amekwenda kununua mboga kwa miguu, maana hakuthubutu tena kuomba gari. Haikuchukua nusu saa. Akanigeuzia kompyuta.

"Soma. Niambie kama kuna uongo."

Ilikuwa aya tano. Lasya hujaribu programu kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Hulinganisha njia zilizopangwa na njia zilizotarajiwa. Huandika makosa anayoyaona na kuyatuma kwa wahusika. Huhudhuria mikutano. Ni mchapakazi na huwahi. Nilitafuta uongo, sikuuona. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa jiwe la kufungia mlango.

"Hamna uongo," nilisema.

"Basi."

"Kazi hii si ndiyo uliyokuwa ukiifanya wewe kabla yake?"

"Ndiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeianzisha."

"Aa." Nikamrudishia kompyuta. "Kumbe miaka mitatu yote tulikuwa tunakuonea fahari, mtoto wa mwalimu, ulikuwa unalinganisha na kutuma kwa wahusika."

"Nani analinganisha na kutuma!"

"Imeandikwa hapo."

"Dada Revathi, wewe hujui kitu. Unajua wale walikuwa wanajaribu vipi kabla sijaja? Wanachukua lori moja moja, kama wanaokuna nazi! Mimi ndiye niliyewaambia, njia ni maelfu, huwezi kuzijaribu zote, lazima ukadirie ni wapi programu itakosea kabla haijakosea. Nilikaa miezi mitano nikiunda ile hesabu. Miezi mitano! Nyama ya wateja ilikuwa inaozea Oklahoma kila mwaka nchi hii inaporudisha saa zake nyuma, hakuna aliyejua kwa nini, mimi nikaonyesha. Na huyo..." Akanyoosha kidole kwenye mlango ambao Lasya alikuwa ametokea. "Huyo ndiye mtu wa pili tu katika ofisi ile anayeweza kuielewa. Wengine nimewaeleza mpaka nimechoka."

"Mimi nitajuaje? Hujaandika."

Alinitazama kama anayetaka kunirushia kitu. Kisha akaivuta kompyuta.

Aliandika mpaka mchana ukaisha. Aliandika kwa hasira, akigonga herufi kama anayeponda vitunguu saumu, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Aliichora ile hesabu yake kipande kwa kipande. Alieleza inahitaji somo gani la chuo, na kwa nini mtu asiye na somo hilo angeitazama kama mbuzi anavyotazama redio, ila hilo la mbuzi alilifuta. Pale palipohitaji jina la anayeifanya kazi hii sasa, aliandika: Lasya. Aliandika makosa matatu ambayo Lasya aliyakamata mwaka ule, tarehe zake, na malori yaliyookolewa. Kurasa sita.

Lasya alirudi na mifuko, uso umeiva kwa jua. Akaona skrini, akaona jina lake, akasimama.

"Usisome," alisema Sindhuja bila kugeuka. "Sijakuandikia wewe. Hii ni kazi yangu na sitaki iitwe ndogo."

Nilimwamini. Sidhani kama aliandika ukurasa hata mmoja kwa upendo. Ila barua ile ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyomwona akivitengeneza kwa mikono yake, na ilikuwa na jina la mtu mwingine tangu juu hadi chini.

Jibu lilikuja wiki ya pili ya Juni. Maombi yamekubaliwa. Lasya hakutoa sauti yoyote. Aliiweka karatasi mezani, kifudifudi, akaenda kupika. Siku nne baadaye ruhusa ya Sindhuja iliisha. Walimletea keki ofisini, na Curtis alisema ataangalia kama kuna nafasi ya kumfanyisha kazi kutoka Hyderabad. Hakuiona.

Sheria humpa aliyemaliza muda siku sitini za kukusanya vitu vyake. Kulikuwa na watu waliosema huenda Julai serikali ikachagua majina tena, miaka mingine imewahi kufanya hivyo. Wengine walimwambia ajiandikishe chuo chochote, asomee chochote, ilimradi abaki. Alisema hatasoma tena ili apate tu pa kulala. Akangoja ile Julai. Kila asubuhi aliifungua tovuti ya wakili, na kila asubuhi jina lake lilikuwa limepokelewa. Mchana, Lasya akiwa kazini kwenye meza iliyokuwa imebaki bila wa kutazamana naye, Sindhuja alisafisha nyumba yetu mpaka ikawa haina harufu ya mtu.

Julai ikapita kimya.

Katika siku hizo ndipo alipomwambia mama yake. Nilikuwepo, aliniomba nikae karibu.

"Mama, ile shukrani ya mapema. Mimi ndiye niliyemwambia Lasya ni tayari. Nilijua si tayari."

Mama Annapurna alifikiri. Nyuma yake feni ilikuwa inazunguka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mungu sidhani kama ameudhika," alisema mama yake. "Yeye hana foleni. Miguu yangu ndiyo iliyoudhika, na bado haijakusamehe. Ukija utaikanda." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Kilo ngapi wanakuruhusu? Usilete sabuni. Zipo."

Tulimpeleka uwanja wa ndege Jumapili ya pili ya Agosti, mchana, joto likipanda kutoka kwenye lami. Mimi niliendesha gari lake, ambalo sasa lilikuwa la Lasya. Sindhuja mwenyewe ndiye aliyesema amwachie, na tangu aseme hajawahi kulitazama. Njiani walizungumza habari za mizigo, za taarifa ya hali ya hewa, za duka gani lina majani ya mchuzi mabichi. Lasya alikuwa ameshikilia begi la mkononi la Sindhuja mapajani, kwa mikono miwili, kama aliyepakata mtoto wa watu.

Pale kwenye mstari wa ukaguzi, ambapo wasiosafiri hawapiti, Lasya alilirudisha begi. Sindhuja alilivaa. Lasya akashika mkanda wake, hakuuachia.

"Dada, nikuulize kitu. Usinidanganye."

"Uliza, watu wanangoja."

"Umenichukia?"

"Hapana."

"Basi mbona miezi mitano hunitazami usoni? Umeniandikia barua, umeniachia gari, umenipa hadi presha kuka yako kubwa. Kunitazama tu ndiyo umekataa."

Mstari ulisogea. Mzee mmoja nyuma yetu alisukuma sanduku lake kwa mguu. Sindhuja alimtazama Lasya, na nikaona jinsi ilivyomgharimu, kama mtu anayetazama jua kwa makusudi. Akamwondoa unywele uliokuwa umemganda kwenye paji. Akainama karibu na sikio lake. Mimi nilikuwa hatua moja tu kando yao, na nusu ya maneno niliyasoma midomoni.

"Nakuonea wivu, Lasya," alisema. "Hata sasa hivi."